Kanisa la kwanza lilishikaje fedha? Tunaandika mwongozo wa matoleo

KatibuWaMtaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kamati ya fedha ya mtaa wetu imepewa kazi ya kuandika mwongozo wa matoleo na msaada kwa wahitaji. Washirika ni kama 180, sadaka inaingia kwa kapu na kwa simu, na kuna mfuko mdogo wa wajane. Kila tukikaa tunagawanyika. Wapo wanaosoma Matendo 2:44, kwamba waamini walikuwa na vitu vyote shirika, na wanasema kanisa la kwanza halikuwa na leja wala mkaguzi, lilikuwa na upendo tu. Wengine wanataka taratibu za benki peke yake, Biblia ibaki mimbarani.

Mahubiri tunayo ya kutosha. Naomba mwenye kuijua historia aniambie nani alishika fedha na nani alihesabu, mjane aliingiaje kwenye orodha, mtumishi alilipwaje, na walifanyaje na manabii wageni wanaopita na kuondoka na bahasha. Mwenye uhasibu naye atuambie hayo yanageukaje kuwa kazi ya Jumapili hadi Jumatatu.

MzeeWaMaktaba

Amina, asifiwe.

Hao wa Matendo 2 waambie wasiishie hapo, wafike sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Walisahauliwa. Hakuna anayetajwa kuiba hata senti. Mgao ulikuwa mikononi mwa watu wa lugha moja, waliokosa walikuwa wa lugha nyingine, na idadi ya wanafunzi ilikuwa inapanda. Mitume hawakuwakemea waliolalamika wala hawakuwaambia wakaombe. Waliita mkutano, wakataja sifa za wanaotakiwa, wakaliacha kusanyiko lichague saba, kisha wakawawekea mikono. Yasomeni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote saba ni ya Kiyunani. Inaonekana meza ilikabidhiwa kwa upande uliokuwa unanung'unika. Kama kwenu wanaonung'unika ni jumuiya ya bondeni, basi mhesabu mmoja atoke bondeni.

Sasa njooni kwa Paulo, maana huyu ndiye aliyeacha maelezo mengi kuliko wote. Changizo lake kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu lilichukua miaka, katikati ya miaka ya 50 ya karne ya 1, kutoka Galatia, Makedonia na Akaya. Utaratibu wake uko wazi ukizikusanya nyaraka pamoja. Katika 1 Wakorintho 16 kila mtu anaweka akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kukimbizwa Paulo akishafika. Watakaopeleka fedha watachaguliwa na Wakorintho wenyewe, nao watapewa barua; Paulo atakwenda nao ikibidi tu. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito na ndugu wawili, mmoja wao amechaguliwa na makanisa, na anatoa sababu waziwazi: hataki mtu apate la kusema juu ya fungu kubwa kama lile, anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Halafu Matendo 20:4 inaorodhesha wasafiri: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Wengi huuruka mstari ule wakidhani ni salamu. Wataalamu wengi wanauona kuwa orodha ya wajumbe wa makanisa yaliyochanga.

Kuna sababu ya kawaida kabisa pia. Denari moja, ujira wa kibarua wa siku, ilikuwa na uzito wa karibu gramu 3.8. Denari 1,000 ni karibu kilo nne za fedha mfukoni, kwenye barabara zenye wanyang'anyi na meli zinazozama. Mtu mmoja akipotea nazo, nani atajua kama alizama au alitoroka?

Na ahadi hewa zilikuwepo tangu siku hizo. Wakorintho waliahidi mwaka mmoja kabla, Paulo akawasifia kwa Wamakedonia, kisha 2 Wakorintho 9 inamkuta na wasiwasi kwamba Wamakedonia wakifika naye watakuta hakuna kitu, aibu iwe ya wote. Dawa yake ilikuwa kutanguliza ndugu wakakusanye mapema. Mwenye kuendesha harambee anajua hali hiyo bila kufasiriwa.

Neema_Tele

Mimi nina pingamizi, samahani wazee. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, Mathayo 6. Mkianza bahasha zenye majina na wahesabu mmeua sadaka. Tena Matendo 4 wanasema waliweka thamani miguuni pa mitume, basi. Hakuna aliyemuuliza Petro risiti.

MzeeWaMaktaba

Dada Neema, pingamizi zuri. Mathayo 6 inamkataza mtoaji kujipigia tarumbeta. Anayepokea fedha za wengine hajaondolewa kuzitolea hesabu. Mwaka 253 hivi Sipriani, askofu wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, aliwapelekea maaskofu wa jirani, Numidia, sarafu za Kirumi, sesterti 100,000, za kuwakomboa Wakristo waliotekwa na wavamizi. Ndani ya barua aliambatanisha majina ya waliotoa, wapate kuombewa. Jumla imeandikwa, majina yameandikwa, na hakuna aliyesimamishwa mbele ya watu apigiwe makofi. Mnaweza kufanya vivyo hivyo: jina kwenye bahasha kwa ajili ya kumbukumbu ya mtoaji, jumla peke yake kwenye ubao wa matangazo.

Na miguuni pa mitume, someni mstari unaofuata hadi sura ya 5. Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuzwa, na hata lilipouzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa kuleta sehemu na kusema ni yote. Kwa hiyo hata Yerusalemu kutoa kulikuwa kwa hiari. Katika sura ya 12 Mariamu mama yake Yohana Marko bado ana nyumba yake, na kanisa linasali humo.

MamaLeja

Tumsifu Yesu Kristo. Nachukua upande wa hesabu, mtanisamehe nikiwa mkavu.

Kanuni ya Tito na ndugu wawili ndiyo kanuni ya kuhesabu: fedha isibaki na mtu mmoja hata dakika tano. Ibada ikiisha, kapu halipiti ofisini kwa mchungaji wala halikai "kwa muda" kwa mzee wa zamu. Linakwenda mezani, mlango wazi, wahesabu watatu ambao si wa nyumba moja, na zamu yao ibadilike kila mwezi. Mhazini asiwe mmoja wao. Wengi hapo hushangaa, lakini sababu ni rahisi: anayeandika kitabu akihesabu pia, hakuna wa kumlinganisha naye.

Fomu iwe na safu ya aina ya noti, idadi, na thamani. Mfano wa Jumapili moja: noti za 10,000 ni 14, sawa na 140,000, za 5,000 ni 23, sawa na 115,000, za 2,000 ni 41, sawa na 82,000, za 1,000 ni 52, za 500 ni 34, sawa na 17,000, sarafu za 200 ni 22, za 100 ni 17, za 50 ni 8. Jumla 412,500. Wa kwanza anahesabu, wa pili anarudia bila kuambiwa jibu, wa tatu anaandika kwa kalamu ya wino. Jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana 412,500 inageuka 112,500 kwa mkwaruzo mmoja, lakini "laki nne na kumi na mbili elfu na mia tano" haigeuki. Wasaini wote watatu, nakala tatu: moja ndani ya mfuko wa fedha, moja kwa mhazini, moja kwenye faili la katibu.

Fedha iende benki Jumatatu asubuhi na watu wawili, jumla ileile, shilingi kwa shilingi. Makanisa mengi yanaangukia hapa. Jumapili mchana mpiga kinanda anadai nauli, mafuta ya jenereta yameisha, mgeni anahitaji chakula, basi wanachomoa 60,000 kwenye kapu na kupeleka benki 352,500. Hakuna aliyeiba, lakini kuanzia hapo fomu na hati ya benki hazilingani tena, na siku mwizi wa kweli akija atajificha ndani ya tofauti hiyohiyo. Matumizi madogo yawe na sanduku lake, kiasi kisichobadilika, tuseme 100,000, linalojazwa kutoka benki kwa kiasi cha risiti zilizomo. Wakati wowote ukilifungua, fedha jumlisha risiti ziwe 100,000.

Upande wa simu: namba ya malipo isajiliwe kwa jina la kanisa, isiwe laini ya mchungaji, wala ya mke wake, wala ya mhazini. Laini ya mtu akifariki inakuwa mirathi. Taarifa ya miamala ipakuliwe kila Jumatatu na kubandikwa nyuma ya fomu ya kapu.

Na hundi. Mtakuwa na watia sahihi watatu, wawili wanatosha kutoa. Halafu mmoja anasafiri, anasaini kurasa tano tupu "ili kazi isisimame". Siku hiyo mmerudi kwa mtu mmoja, na hakuna mwongozo utakaowasaidia.

KatibuWaMtaa

Hilo la hundi tupu limenigusa, Mama. Naomba sasa manabii wageni.

MwalimuKatekesi

Shalom. Kwa hilo kitabu chenu ni Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Kidogo sana, dakika ishirini umemaliza. Wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, pengine Siria. Kilikuwa kimepotea, Philotheos Bryennios alikipata Konstantinopoli mwaka 1873 ndani ya hati iliyonakiliwa mwaka 1056, akakichapisha 1883. Si Maandiko, msikisome madhabahuni kama somo, lakini kinaonyesha makanisa madogo ya vijijini yalivyopambana na jambo hilihili.

Sura ya 11: mtume akija, mpokeeni kama Bwana. Akae siku moja, na ya pili kama kuna haja. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, basi. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Kisha inaongeza vipimo ambavyo mtu lazima alikuwa ameviona kwa macho. Nabii akiagiza meza iandaliwe akiwa katika Roho, halafu akaila mwenyewe, ni wa uongo. Akisema katika Roho "nipeni fedha" au kitu kingine, msimsikilize. Lakini akisema mtoe kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Nabii anayefundisha kweli na hatendi anayofundisha, wa uongo.

Tazameni kipimo kilipo. Hawasemi mchunguze kama unabii ulitimia, maana hilo lingechukua miaka. Wanaangalia siku za kukaa, chakula na fedha, ambavyo mama yeyote mwenye nyumba anaweza kuvihesabu.

Msafiri wa kawaida yuko sura ya 12: siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kukaa na ana ufundi, afanye kazi ale. Hana ufundi, mtafutieni namna ya kuishi kwa akili zenu, asiwepo Mkristo anayekaa bure kati yenu. Asiyetaka hivyo anamfanyia Kristo biashara. Kwa Kiyunani ni neno moja tu, kama ungesema "mchuuzi wa Kristo". Na sura ya 13 inaweka upande wa pili ili mtu asidhani kitabu kinachukia manabii: nabii wa kweli anayetaka kukaa nanyi anastahili chakula chake, apewe malimbuko ya shinikizo la divai, nafaka, ng'ombe na kondoo. Na kama hamna nabii, malimbuko hayo wapeni maskini.

Waliochelewa kujifunza walilipa. Lukiano wa Samosata, mpagani mwenye ulimi mkali wa karne ya 2, anasimulia habari za Peregrino aliyejiunga na Wakristo Palestina, akafungwa, wakampelekea chakula gerezani tangu alfajiri, miji ya Asia ikatuma wajumbe kwa fedha za mfuko wa pamoja, naye akavuna fedha nyingi kwa jina la kifungo. Lukiano alikuwa anatucheka, kwa hiyo punguzeni chumvi. Ila hajasema Wakristo walikuwa wabaya. Anasema walikuwa rahisi kutapeliwa, na hiyo haitofautiani sana na inayosemwa leo vijiweni.

Naongeza moja kwa sababu ni tamu. Frigia, Uturuki ya leo, mwisho wa karne ya 2, kundi la Montano, mtu aliyejiita nabii, liliweka wakusanya fedha, likawa linapokea matoleo kwa jina la sadaka na kuwalipa mshahara wahubiri wake. Apolonio, mwandishi Mkristo, aliwajibu kwa maswali ambayo Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, ameyahifadhi: je, nabii hupaka nywele rangi? Hupaka wanja? Hupenda mapambo? Hucheza kamari ya dadu? Hukopesha kwa riba?

Mkiandika mwongozo, mgeni apate barua kabla hajaja: siku ngapi, analala wapi, nauli kiasi gani, posho kiasi gani na nani ameipitisha. Sadaka ya siku hiyo inahesabiwa na wahesabu wa zamu kama Jumapili nyingine na kuingia akaunti ileile. Kusiwe na kapu la pili "la mtumishi", wala bei ya maombi, wala kuuza mafuta, maji au vitambaa mlangoni.

dogo_wa_Moro

Hapo kwa mshahara nimechanganyikiwa. Mtume anasema mtenda kazi astahili ujira wake, halafu mnasema Wamontano walikosea kulipa wahubiri. Mchungaji wetu ale nini? Na fungu la kumi vipi?

MzeeWaMaktaba

Swali halali. Haki ya kulipwa haikubishaniwa. 1 Wakorintho 9 inaitetea kwa nguvu, na 1 Timotheo 5 inataka wazee watawalao vema wapewe heshima maradufu. Paulo mwenyewe aliiacha haki hiyo Korintho, akashona mahema na Akila na Prisila, ila alipokea kutoka Filipi. Hakumfanyia kila mtu sheria.

Kilichowashtua ni mshahara kama chambo. Eusebio anamtaja Natalio, mtu aliyeteswa kwa ajili ya imani, aliyeshawishiwa Roma awe askofu wa kundi la Theodoto, lililohesabiwa la uzushi, kwa denari 150 kila mwezi. Hesabuni: ujira wa siku ni denari moja, kwa hiyo huyu alikuwa analipwa kama vibarua watano wanaofanya kazi kila siku bila kupumzika. Baadaye alirudi akilia, amevaa gunia, akajitupa miguuni pa askofu Zefirino. Kufikia mwaka 250 Karthago ilikuwa inawapa makleri, yaani watumishi wa kanisa, mgawo wa kila mwezi, kutoka katika kile kilichoingia. Mwezi mzuri wanapata, mwezi mbaya wanapungukiwa pamoja na wengine. Na kulikuwa na nidhamu ndani yake: mashemasi wadogo wawili na akolito (msaidizi wa ibada) mmoja walioondoka wakati wa dhuluma kisha wakarudi, Sipriani aliagiza wasichukue mgawo wa mwezi mpaka kesi yao isikilizwe. Hakuwafukuza, hakuwahukumu mapema, alisimamisha posho tu.

Fungu la kumi halikuanza kama watu wanavyodhani. Yustino, mwandishi Mkristo, akieleza ibada ya Roma miaka ya 150, anasema wenye uwezo na nia wanatoa kila mmoja anavyoona, kinachokusanywa kinawekwa kwa msimamizi, naye anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliani, mwandishi mwingine wa Karthago, karibu 197, anataja kisanduku cha mchango wa mara moja kwa mwezi, akitaka mtu na akiweza, hakuna anayelazimishwa. Anaorodhesha kazi zake: kuzika maskini, watoto wasio na wazazi wala mali, wazee wasiotoka ndani, waliovunjikiwa merikebu, waliopelekwa migodini, visiwani na gerezani kwa ajili ya imani. Ireneo, askofu wa Lyon, aliona kwamba Wayahudi walitoa sehemu ya kumi, ila walio huru wanaweka vyote walivyo navyo kwa matumizi ya Bwana. Sipriani naye alilalamika kwamba watu wa siku zake hawafikishi hata hiyo kumi. Amri ya kanisa yenye adhabu kwa asiyetoa zaka ilikuja Mâcon huko Gaul, Ufaransa ya leo, mwaka 585. Kwa hiyo kama mtaa wenu unafundisha zaka, fundisheni kwa heshima, lakini msimnyime mjane msaada kwa sababu kadi yake ya zaka ina nafasi tupu. Huyo ndiye kisanduku kiliwekwa kwa ajili yake.

Mgawanyo wa bajeti: Papa Gelasio mwaka 494 aliagiza mafungu manne, la askofu, la makleri, la maskini, na la majengo. Asilimia zenu si lazima ziwe robo robo, lakini fungu la maskini liwe na mstari wake, lisiwe kile kinachobaki baada ya spika mpya.

ShemasiWaZamu

Niseme kuhusu orodha, maana ndiyo kazi inayochosha kuliko zote.

Kiswahili cha 1 Timotheo 5:9 kimeshika vizuri: mjane "asiandikwe" mpaka amefikia miaka sitini. Kuandikwa. Kulikuwa na daftari. Na kabla ya daftari kuna swali, mstari wa 4 na wa 16: ana watoto au wajukuu? Hao waanze, kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Watu hudhani ni ugumu wa moyo. Ni hesabu tu: mfuko wa 300,000 kwa mwezi ukigawiwa watu 40 ni 7,500 kila mmoja, hakuna aliyesaidika, ukigawiwa watu 8 wasio na mtu ni 37,500, angalau unga, maharage na mafuta ya taa vinapatikana.

Roma ilifika mbali. Askofu Kornelio, akimwandikia Fabio wa Antiokia mwaka 251 hivi, anataja wazee 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, akolito 42, watoa pepo, wasomaji na mabawabu 52, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Mashemasi saba tu kwa mji mkubwa vile, kama wale wa Matendo 6. Kwamba aliweza kuandika idadi hiyo ndani ya barua maana yake orodha ilikuwapo na mtu alikuwa anaihesabu.

Na tunajua hata kabati lilikuwa na nini. Tarehe 19 Mei 303, wakati wa dhuluma ya Kaisari Diokletiano, maofisa waliingia kanisa la Kirta, leo Constantine nchini Algeria, wakaandika vitu vyote. Vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, taa kadhaa. Halafu: kanzu za wanawake 82, shela 38, kanzu za wanaume 16, jozi 13 za viatu vya wanaume, jozi 47 za viatu vya wanawake. Ukiangalia idadi hizo unajua nani alikuwa anabisha hodi.

Daftari lenu liwe na jina, jumuiya, mwaka wa kuzaliwa, ndugu waliopo na wanachotoa, aina ya msaada, tarehe ya kuanza, tarehe ya kupitia upya. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Bila tarehe, msaada wa ada ya muhula mmoja unakuwa haki ya miaka sita, na mjane mpya anaambiwa mfuko umejaa. Kila miezi mitatu wawili waende nyumbani kwa kila aliyeandikwa, mmoja wao mwanamke, wasiende mikono mitupu na wasipige picha. Daftari likae kwenye kabati lenye kufuli. Kwenye ubao andikeni "walisaidiwa 8, jumla 300,000", majina hapana.

Vitu vitangulie fedha pale inapowezekana. Ada ilipwe shuleni, dawa inunuliwe dukani, risiti iletwe. Didake ina msemo kwamba sadaka na itoke jasho mikononi mwako mpaka ujue unampa nani.

KatibuWaMtaa

Nashukuru sana. Mawili ya mwisho. Mtumishi au mhazini akikutwa na kosa la fedha, walifanyaje? Na la pili ni la haraka: mgeni ameshaalikwa mwisho wa mwezi huu, namba yake binafsi ya simu imeshaletwa ili isomwe kwenye matangazo.

MzeeWaMaktaba

La kwanza. Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya 2, aliwaandikia Wafilipi juu ya Valensi, aliyekuwa mzee wa kanisa lao, aliyeanguka yeye na mkewe kwa kupenda fedha. Inaonekana ameshaondolewa kwenye nafasi. Polikarpo hasemi arudishwe mezani. Anasema ana huzuni sana, Bwana awape toba ya kweli, na wasiwahesabu kuwa adui bali wawarudishe kama viungo vilivyougua na kupotea. Mwongozo wenu utenganishe hayo mawili, ushirika na funguo. Mtu anaweza kurudi kwenye ushirika na asishike tena kitabu cha hundi.

Baadaye waliziba mianya kwa sheria. Kanuni za Antiokia za karne ya 4 zinataka mali ya kanisa ijulikane kwa wazee na mashemasi, na mali binafsi ya askofu ijulikane pia, ili akifa kanisa lisipoteze wala watoto wake wasidhulumiwe. Fikirini kiwanja cha kanisa kilichoandikwa jina la mchungaji mwanzilishi. Mikutano mikuu ya maaskofu nayo: Nikea 325 iliwavua uongozi makleri waliokopesha kwa riba. Kalkedoni 451, kanuni ya 26, ikaamuru kila kanisa lenye askofu liwe na wakili wa mali kutoka miongoni mwa makleri wake, usimamizi usikose mashahidi. Tangu ndugu wawili wa Tito ni karibu miaka 400, na bado wanarudia neno lilelile, mashahidi.

MwalimuKatekesi

La pili: namba isisomwe. Mwenyekiti ampigie leo, asingoje wiki ya semina, amweleze kwa adabu kwamba matoleo yote yanapita namba ya kanisa, kisha barua ifuate ikiwa na nauli, malazi ya siku mbili na posho iliyopitishwa na kamati, kwa tarakimu na kwa maneno kama alivyosema Mama Leja. Akikubali, mpokeeni kama Bwana. Akiuliza kwa nini siku mbili, mpeni Didake sura ya 11 asome mwenyewe.